Mbwa Aliyekatazwa Dagaa

Kwa miaka miwili nilimlisha mbwa wangu dagaa kila siku, nikijihesabu miongoni mwa wafugaji bora wa mtaa wetu huku Kitangiri, Mwanza. Majirani wengi huwapa mbwa pumba iliyokorogwa kwa maji ya moto, ukoko wa ugali au mapanki ya sangara. Mimi nilikuwa nikishuka kila Jumamosi hadi soko la samaki la Mwaloni Kirumba, nachagua dagaa wakavu wasio na mchanga mwingi, nawachemsha na kuwachanganya na ugali wa dona. Mbwa alinawiri, manyoya yakang'aa, na watu waliopita getini walinisifu. Kumbe kwa mbwa wa aina ile, sufuria ileile iliyomnawirisha ndiyo iliyokuwa ikimjaza vijiwe kwenye kibofu cha mkojo.

Chui ni mbwa wa aina ya Dalmatian, mweupe mwenye madoa meusi, na jina lake lilitokana na madoa hayo. Nilikabidhiwa akiwa na umri wa mwaka mmoja na nusu na familia ya wageni waliokuwa wanamaliza mkataba wa kazi Geita. Pamoja naye walinipa kitabu cha chanjo, mnyororo, nusu mfuko wa chakula cha kiwandani na karatasi moja ya maelezo, ambayo niliipitia haraka haraka nikaitia kwenye droo pamoja na risiti za umeme. Chakula cha mfukoni kilipokwisha nikahamia kwenye dagaa. Niliisoma karatasi ile kwa makini miaka miwili baadaye, baada ya upasuaji, na mstari wake wa nne ulisema wazi kwamba mbwa huyu asipewe maini, figo wala samaki wadogo wanaoliwa wazimawazima. Mimi ni mwalimu wa sekondari, na kila muhula huwakemea wanafunzi kwa kutosoma maelekezo ya mtihani.

Malezi nayo yalichangia, na jambo hili nalisema kwa mkazo kwa sababu halimhusu Dalmatian peke yake. Hapa kwetu mbwa wa ulinzi hufungiwa bandani alfajiri na kufunguliwa magharibi, ili mchana asiwatishe watoto na wageni, na usiku awe na hasira za kutosha kwa ajili ya wezi. Chui alifungiwa saa kumi na mbili asubuhi na kufunguliwa saa kumi na mbili jioni. Mbwa aliyelelewa vizuri hakojoi mahali anapolala, kwa hiyo mchana kutwa alikuwa akiubana mkojo, na mkojo unaokaa kibofuni saa zote hizo hupata muda wa kutosha wa kujenga fuwele, yaani punje ndogo za chumvi iliyoganda, nazo fuwele hushikamana zikawa kijiwe. Bakuli lake la maji lilikuwa la alumini, nami nililiweka upande wa banda unaopigwa na jua; ilipofika saa sita mchana maji yalikuwa ya moto kiasi cha kuogea, na mbwa, kama sisi, hapendi kunywa maji ya namna hiyo. Tunaishi mahali ambapo ziwa huonekana kutoka karibu kila kilima, na mbwa wangu alikuwa akishinda na kiu.

Dalili zilikuwapo kwa wiki kadhaa, ila nilizitafsiri nipendavyo. Alikuwa akiinua mguu kwenye kila jiwe na kila nguzo, akitoa matone machache kila mara, nami nikadhani anaweka mipaka yake kwa kuwa jike la jirani lilikuwa kwenye joto. Alikuwa akijilamba kupita kawaida, nikasema ni uchafu. Mkojo wake ulikuwa na rangi ya chai ya rangi, nikasema ni jua. Jumapili moja alasiri alisimama kwenye kona ya ukuta akajikamua hadi mgongo ukapinda, kisha akaondoka bila kudondosha hata tone. Hapo napo nilikosea, kwa maana mkao ule nilidhani ni wa mbwa aliyefunga choo, nikampa vijiko viwili vya mafuta ya kula. Usiku alikataa chakula, akatapika, akalala akitetemeka, na nilipomshika tumbo upande wa nyuma nilikuta kitu cha mviringo, kigumu kama embe bichi. Kilikuwa ni kibofu.

Mbwa dume anayejikamua bila kutoa mkojo hasubiri kupambazuke. Mkojo ukikosa pa kutokea, figo hushindwa kuchuja, potasiamu hupanda kwenye damu hadi mapigo ya moyo yakavurugika, na mnyama anaweza kufa ndani ya siku mbili au tatu tangu njia izibe kabisa. Tumbo lisiminywe kwa nia ya kumsaidia, kwa sababu kibofu kilichovimba kinaweza kupasuka. Wala asinyweshwe maji kwa nguvu, kwa sababu tatizo la saa ile haliko kwenye kuingiza. Mimi nilisubiri hadi asubuhi. Chui alipona kwa sababu, kama daktari alivyoniambia, njia ilikuwa haijaziba kabisa usiku ule.

Daktari wa mifugo alifika kwa pikipiki, akamtazama mbwa aliyelala kwenye gunia, na kabla hata hajavaa glavu akauliza, "Mwalimu, huyu mbwa anakula nini?"

"Ugali na dagaa, daktari."

"Dagaa mara ngapi kwa wiki?"

"Kila siku."

Hakunilaumu kwa neno. Alivuta pumzi, akafungua begi lake. Alipojaribu kupitisha mpira wa mkojo, mpira uliingia sentimita kadhaa ukagoma, na hapo nilijifunza jambo ambalo sikuwahi kulifikiria: mbwa dume ana mfupa ndani ya uume, na mrija wa mkojo hupita kwenye mfereji ulio chini ya mfupa huo, mahali ambapo hauwezi kutanuka. Kijiwe kinachotoka kibofuni husafiri vizuri mpaka hapo, kisha hunasa nyuma ya mfupa. Jike ana mrija mfupi na mpana, kwa hiyo vijiwe vidogo humtoka na mkojo bila mwenye mbwa kujua. Ndiyo maana katika aina hii ya mawe wanaoletwa kwa daktari wakiwa taabani ni madume. Daktari alisukuma maji ya chumvi ya hospitali kwa bomba la sindano hadi vijiwe vikarudi kibofuni, mkojo ukatoka mwekundu, na mchana huohuo tukampeleka kwenye chumba chake cha upasuaji.

Picha ya eksirei tuliyopiga kwanza haikuonyesha kitu. Ningekuwa peke yangu ningerudi nyumbani nikisema hana mawe, lakini daktari alijua kwamba mawe ya aina aliyoishuku mara nyingi hayaonekani kwenye eksirei ya kawaida, akatoa mashine ndogo ya altrasaundi ambayo kwa siku nyingine huitumia kupimia mimba za ng'ombe. Vikaonekana, vimetulia chini ya kibofu kama changarawe chini ya mtungi. Alipasua, akatoa vijiwe thelathini na kitu, laini, vya mviringo, vya rangi ya kijani iliyochanganyika na kahawia, vikubwa kuliko punje za mtama na vidogo kuliko punje za mahindi. Ninavyo mpaka leo kwenye kichupa cha dawa, na wageni wengine wa nyumbani kwangu wamelazimika kuviona.

Sasa niseme vijiwe hivi ni nini, kwa sababu hapo ndipo suala zima la chakula linapoanzia. Mwili wa mnyama unapovunja viini vya seli, za chakula na za mwili wenyewe, hupata kemikali ziitwazo purini, na purini huishia kuwa asidi ya yuriki. Mbwa wa kawaida huipeleka asidi hiyo kwenye ini, ambako hugeuzwa kuwa alantoini, kitu kinachoyeyuka upesi na kutoka na mkojo bila madhara. Dalmatian ana ini zima na lina uwezo wa kufanya kazi hiyo, lakini mlango wa kuiingizia asidi ya yuriki kwenye seli za ini una hitilafu, na mlango kama huo kwenye figo, ambao ungerudisha sehemu ya asidi hiyo kwenye damu, una hitilafu ileile. Matokeo yake asidi ya yuriki humwagika kwenye mkojo, ikakutana na amonia, ikajenga chumvi ya urati, na mkojo ukiwa mzito na mchachu chumvi hiyo huganda. Kasoro ya jeni inayosababisha haya ilitambuliwa mwaka 2008, nayo inabebwa na kila Dalmatian wa damu safi, isipokuwa wale waliotokana na uzao ulioanzishwa Marekani mwaka 1973, pale Dalmatian alipopandishwa na mbwa wa aina ya Pointer ili kuirudisha jeni nzima kwenye ukoo. Aina nyingine chache, kama English Bulldog, nazo zina mbwa wenye kasoro hii, na mbwa yeyote mwenye hitilafu ya mishipa inayopeleka damu kwenye ini anaweza kupata mawe ya namna hii.

Baba yangu, ambaye anaishi nasi tangu alipostaafu, alisikiliza maelezo hayo sebuleni akiwa amenyoosha mguu wake juu ya kigoda. "Kwa hiyo mbwa ana jongo," akasema. Hakukosea sana. Jongo, ambao hospitalini wanauita gauti, unatokana na asidi ya yuriki hiyohiyo, kwa kuwa binadamu hatuna kabisa kimeng'enya cha kuigeuza alantoini. Tofauti ni kwamba kwa baba, mgonjwa wa jongo, fuwele hutua kwenye kidole gumba cha mguu, na kwa Chui hutua kibofuni. Baba alikuwa ameshakatazwa maini, utumbo, dagaa na pombe kwa miaka kadhaa, na kwa mara ya kwanza nyumbani kwetu alipata mwenzake.

Dagaa wa ziwa letu huliwa mzima, kichwa, utumbo, maini na vyote, na viungo hivyo vimejaa seli na viini vyake. Tena wamekaushwa juani, kwa hiyo maji yameondoka na kila kitu kingine kimebaki kimejikusanya. Kwa mbwa wa kawaida chakula hicho ni kizuri, kina protini na kalsiamu kwa bei ambayo nyama haiwezi kushindana nayo, na sitaki msomaji mwenye mbwa wa kienyeji asiye na tatizo aanze kuwaogopa dagaa kwa sababu ya Chui. Kwa mbwa mwenye urati hakuna chakula cha bei nafuu kilicho kibaya kuliko hicho, isipokuwa labda maini, bandama, figo na mapafu, vitu ambavyo wachinjaji wetu huwagawia wenye mbwa wakidhani wanawafadhili. Machicha ya pombe nayo yana hamira, na hamira ina purini nyingi.

Tuliondoa dagaa siku ileile. Chui akaususia ugali. Siku ya tatu mke wangu, kwa huruma ambayo sina haki ya kuilaumu kwa sababu nilikuwa nimesimama karibu nikaikubali, akasema tumpe mchuzi tu, bila dagaa wenyewe, ili apate harufu. Mbwa akala, nasi tukafurahi kwa miezi minane. Kisha siku moja daktari alipitia mkojo wake kwenye hadubini akakuta fuwele za rangi ya kahawia zenye miiba kama mbigili, zimejaa tele. Tuliapa kwamba hali dagaa. Akauliza ugali anakula na nini, tukasema mchuzi. Ndipo tulipojifunza kwamba purini huyeyuka kwenye maji ya moto, na kwamba samaki au nyama ikichemshwa, sehemu kubwa ya purini huhamia kwenye supu. Baba angeweza kutuambia, kwa sababu daktari wake alishamkataza supu ya makongoro na michuzi mizito, ila hakuna aliyemuuliza.

Tangu hapo chakula cha Chui kinapikwa kwenye sufuria yake. Msingi ni unga wa mahindi au mchele, kwa kuwa nafaka zina purini kidogo. Protini inatoka kwenye mayai na mtindi, na napenda kueleza sababu kwa kuwa ilinishangaza: sehemu yote ya njano ya yai ni seli moja tu, kwa hiyo yai zima halina purini ya kutajika ingawa limejaa protini, na maziwa nayo ni hivyohivyo. Daktari alimpangia, kwa uzito wake wa kilo ishirini na tano, mayai matatu ya kuchemsha na nusu lita ya mtindi kwa siku, akasisitiza kwamba kosa la wengi ni kusikia neno purini wakapunguza protini yenyewe hadi mbwa akakonda misuli na moyo ukadhoofika. Tunaongeza boga, kabeji au karoti, kijiko cha mafuta, na unga wa vitamini na madini uliopimwa, kwa sababu chakula cha namna hii kikiachwa hivyo hivyo hupungukiwa na kalsiamu na madini mengine. Kipo chakula maalumu cha kiwandani kwa mbwa wa namna hii, na mwenye uwezo wa kukiagiza atapata wepesi kwa kuwa kimepimwa tayari. Mimi sijakiona kwenye duka lolote la Mwanza nililoingia.

Lakini kama ningeruhusiwa kubadilisha jambo moja tu, nisingebadilisha chakula, ningebadilisha maji. Chumvi yoyote huganda pale maji yanapokuwa machache, na hii ni kweli kwa mawe ya kila aina. Mbwa wa ukubwa wa Chui huhitaji kama lita moja na robo hadi lita moja na nusu kwa siku katika hali ya kawaida. Sisi tunalenga apate zaidi ya lita mbili, na hakuna mbwa anayekunywa kiasi hicho kwa kuambiwa. Kwa hiyo maji yanaingia kupitia chakula. Ugali ukawa uji mwepesi unaomiminika, mara tatu kwa siku badala ya mlo mmoja mkubwa wa jioni. Bakuli la alumini nililitoa, nikaweka chungu cha udongo kilichofukiwa nusu ardhini chini ya mwembe, na maji yake hubaki baridi mchana kutwa. Daktari hupima uzito wa mkojo ukilinganishwa na wa maji kwa kifaa chake na anataka usomeke chini ya 1.020. Mimi natumia kipimo cha kienyeji: nyuma ya nyumba kuna jiwe kubwa jeupe ambalo Chui hulipenda, na zamani alikuwa akiacha pale doa la njano lenye harufu kali, siku hizi jiwe hukauka bila alama.

Maji yanayoingia yanataka kutoka, na hapa tulilazimika kuvunja desturi ya banda. Sikuweza kumwacha huru mchana, kwa kuwa njia yetu ni ya watoto wa shule na mbuzi. Suluhisho likawa baba. Daktari wake alikuwa amemshauri kutembea, naye alikuwa amekataa kwa miaka. Sasa saa nne asubuhi, saa saba na saa kumi anamtoa Chui kwa kamba, wanapanda taratibu kati ya mawe hadi kwenye mti wa mkuyu na kurudi. Mimi namtoa saa nne usiku kabla ya kulala. Ulinzi haujapungua, ijapokuwa jirani mmoja anasema mbwa anayetembezwa kama mtoto hawezi kumng'ata mwizi.

Kuna sehemu ya habari hii ambayo ni aibu yangu mwenyewe. Mwaka mmoja baada ya upasuaji nilikuwa nimeshageuka mtaalamu wa mtaa. Mama mmoja, jirani wa nyumba ya tatu, alikuja kunieleza kwamba jike lake dogo la mchanganyiko, Suzi, anakojoa mara kwa mara na mkojo una damu. Nilimwambia, kwa sauti ya mtu anayejua, ni mawe, na nikampa utaratibu wangu wote: aondoe samaki na nyama, ampe mayai na uji, na nikamgawia baadhi ya vidonge vya potasiamu sitreti ambavyo Chui alipewa ili kupunguza uchachu wa mkojo, kwa sababu urati huganda kwenye mkojo mchachu. Wiki sita baadaye Suzi alikuwa hoi. Daktari alipopima, mkojo haukuwa mchachu hata kidogo, ulikuwa umefika pH 8, umejaa usaha na bakteria, na eksirei, ambayo kwa Chui haikuonyesha kitu, kwake ilionyesha jiwe jeupe kubwa kama yai la njiwa.

Suzi alikuwa na struvaiti, jiwe la magnesiamu, amonia na fosfeti, ambalo kwa mbwa, hasa majike, karibu kila mara huletwa na maambukizi. Bakteria fulani huvunja yurea iliyomo kwenye mkojo, mkojo hupoteza uchachu, na struvaiti hujijenga humo. Vidonge nilivyompa vilikuwa vinaondoa uchachu uleule ambao ungesaidia kumlinda. Nilikuwa namwagilia maji shamba la adui. Daktari alilitoa jiwe kwa upasuaji, akaotesha mkojo maabara ili achague antibiotiki inayofaa, na maambukizi yalipokwisha akamruhusu Suzi chakula chake cha kawaida. Huyu ndiye mwenye kichekesho chote: Suzi anakula dagaa, wakati Chui anapita nje ya ua ule akinusa. Nilikwenda kuomba radhi kwa yule mama, naye alinipokea vizuri, akanikaribisha chai, na hajaniuliza tena jambo lolote kuhusu mbwa.

Ndiyo maana nikiulizwa siku hizi mbwa mwenye mawe ale nini, huuliza kwanza ni mawe ya nini, na kama mtu hajui nampeleka kwa daktari na kichupa cha mkojo wa asubuhi. Mawe ya oksaleti ya kalsiamu, yanayowapata sana mbwa wadogo wa ndani kama Shih Tzu, Yorkshire Terrier na Miniature Schnauzer, hayayeyuki kwa chakula wala dawa yoyote, hutolewa tu, na hupenda kurudi. Kwa mbwa hao kitu cha kuhofia bakulini ni mchicha, spinachi, karanga na viazi vitamu, pamoja na michembe yetu ya viazi vilivyokaushwa, na vidonge vya vitamini C na D ambavyo watu huwapa mbwa kwa nia njema. Mawe ya sistini ni ya nadra na yana ukoo wake, na baadhi ya madume hupata nafuu wakihasiwa. Kijiwe kinachotolewa kisitupwe. Maabara inaweza kukichambua na kusema kimejengwa na nini, na jibu hilo ndilo linaloamua bakuli.

Dawa nazo zina mtego wake. Alopurinoli, ambayo baba anaimeza kwa ajili ya jongo, hutumika pia kwa mbwa wa urati, na siku moja nilijaribiwa kugawanya kidonge chake mara mbili. Daktari alinizuia kwa ukali ambao sijauona kwake tena. Dawa hiyo huzuia asidi ya yuriki isitengenezwe, lakini ikiwa mbwa anaendelea kula purini nyingi, kitu kinachobaki nyuma, zanthini, huganda na kuwa jiwe la aina nyingine, gumu zaidi kutibu. Mama yangu mkubwa kutoka Sengerema alishauri magadi, kwa kuwa yanalainisha maharage. Fikra yake haikuwa ya kipuuzi, kwa sababu magadi kweli huondoa uchachu, lakini hakuna anayejua kiasi kilichomo kwenye bonge moja, yana chumvi nyingi na floraidi, na mkojo ukipitiliza kwenye upande huo wa pili hukaribisha mawe ya fosfeti ya kalsiamu. Tunalenga pH 7 hadi 7.5 na hatutaki zaidi. Kila Jumamosi alfajiri nakinga mkojo kwa upawa niliouunga kwenye fimbo ya mwavuli, nachovya kijiti cha kupimia kama vile vya zahanati, na kuandika rangi yake kwenye daftari la zamani la maandalio ya masomo.

Chui sasa ana miaka saba. Mwezi uliopita altrasaundi ilionyesha mchanga mwembamba chini ya kibofu, baada ya miaka miwili ya kuwa safi. Daktari alinieleza kuhusu upasuaji wa kumtengenezea tundu jipya la mkojo nyuma ya ule mfupa, mahali ambapo mrija ni mpana, ili vijiwe vidogo vipite badala ya kunasa. Nilimwomba anipe muda kidogo, kwa sababu daftari langu lilionyesha kwamba hakuna kilichobadilika, na nilitaka kujua mchanga umetoka wapi.

Jumamosi iliyofuata sikwenda popote. Nilikaa kwenye kibaraza na magazeti, nikitazama. Saa tano binti yangu alitoka na sufuria kubwa iliyopikiwa dagaa wa chakula cha mchana, akaisugua kwenye bomba la nje kama anavyofanya tangu tulipohamishia bomba lile upande wa banda, akamwaga maji. Maji yale yalifuata mfereji mdogo wa zege, yakapita chini ya wavu, na Chui, ambaye chungu chake kilikuwa kimejaa maji baridi hatua tano kutoka hapo, aliinama akayalamba hadi zege likakauka. Sasa sufuria inaoshwa ndani, maji yake yanamwagwa chooni, na mfereji nimeuziba kwa matofali mawili. Altrasaundi nyingine ni baada ya wiki nane.